Hivi hisia ndizo zinazotimiza matamanio yetu, au ndizo zinazoyaua?

#1 Tafakuri_Huru
Wakuu, salaam.

Kuna jambo limenikaa kichwani muda mrefu. Matamanio niliyoyaanza kwa moto mkali, yale ya kukosa usingizi kwa furaha, mengi yameishia njiani. Niliyoyaanza kimyakimya, nikiwa nimetulia tu, ndiyo nimeyafikisha mwisho. Nikiwatazama watu wa karibu naona hivyohivyo. Rafiki yangu aliamka siku moja akasema lazima ajue kupiga kinanda. Wiki ileile akanunua kinanda, akanunua na kitambaa cha kukifunikia, akabandika ukutani ratiba yenye rangi nne. Leo kinanda kiko uvunguni mwa kitanda, na kitambaa bado kina mikunjo ileile ya dukani.

Dai langu ni hili: hisia ni mshauri mbaya wa malengo. Mtu apange kwa kichwa baridi, atekeleze kwa kichwa baridi. Mwenye kupinga aje na hoja.

#2 Mpitanjia
Mada nzito. Naweka kambi hapa nisome wajuzi.

#3 Bi_Nuru
Mleta mada, heshima kwako, ila napinga waziwazi. Kichwa baridi peke yake hakiwezi kutaka chochote.

Bingwa wa magonjwa ya ubongo Antonio Damasio aliandika mwaka 1994 habari za mgonjwa aliyempa jina la Elliot. Alikuwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo, na walipoutoa ikabidi watoe pia sehemu iliyokuwa imeharibika. Akapona na akili zake zote. Ukimpima kumbukumbu anafaulu, lugha anafaulu, hesabu anafaulu. Kilichokwenda ni hisia. Aliweza kusimulia maafa ya maisha yake mwenyewe bila kutikisika hata kidogo. Na huyo mwenye kichwa baridi kutushinda wote humu akapoteza kazi, akapoteza akiba yake kwenye biashara, ndoa ikavunjika. Akipewa makaratasi ayapange, anaweza kumaliza mchana mzima akipima kama ayapange kwa tarehe, kwa ukubwa au kwa mada. Akiulizwa tarehe ya kurudi maabara anachambua faida na hasara za kila siku karibu nusu saa.

Kwa hiyo usitwambie habari za kichwa baridi. Bila kuhisi kwamba hiki ni kizito kuliko kile, huwezi hata kuchagua cha kutamani.

#4 Kipanga
Mimi niko na mleta mada. Suala ni kuandika, si kuhisi. Kuna ule utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1953: asilimia 3 tu ya wahitimu walikuwa wameandika malengo yao, na miaka 20 baadaye hao asilimia 3 walikuwa na mali kuliko wengine wote wakijumlishwa. Kalamu na karatasi, basi.

#5 Mkutubi
Kipanga, utafiti huo haujawahi kufanyika. Umezunguka kwenye semina na vitabu vya mafanikio kwa miongo mingi, lakini watu walipoufuatilia Yale kwenyewe hawakukuta kumbukumbu yoyote, na wahitimu wa mwaka huo hawakumbuki kuulizwa. Kila msemaji alikuwa ameusikia kwa msemaji mwingine.

Na Bi_Nuru nawe nikurekebishe kidogo. Wa makaratasi ni Elliot kweli. Wa tarehe ya maabara ni mgonjwa mwingine wa Damasio mwenye jeraha eneo hilohilo la ubongo. Jambo zuri kuhusu huyo wa pili ni kwamba siku moja kabla aliendesha gari kwenye barabara yenye barafu bila taharuki, wakati wengine wanakanyaga breki kwa hofu na kuteleza. Kukosa hisia kulimfaa barabarani, kukamkwamisha mbele ya kalenda. Naona hapo pana jambo la kutafakari kabla hatujagawana kambi mbili.

#6 Kipanga
Ukiondoa ya Yale, hoja yangu bado imesimama. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham wamelichimba jambo hili miaka mingi, na mwaka 2002 wakakusanya matokeo ya miaka 35. Lengo mahususi na gumu linamfanya mtu afanye kazi vizuri kuliko kuambiwa "jitahidi uwezavyo". Mahususi na gumu. Sioni neno hisia hapo.

#7 Mkutubi
Soma na masharti yake basi. Wenyewe wanasema lengo gumu linafanya kazi pale mtu anapokuwa amejifunga nalo kwa dhati. Sasa niambie huko kujifunga kwa dhati kunatoka wapi kama si moyoni.

#8 Kipanga
😄 Mkutubi huyu hana huruma.

#9 Mchana_Kweupe
Nadhani tunachanganya vitu viwili. Kuna kuhisi raha ya kitu ambacho hujakipata, na kuna kuamini kwamba utakipata. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alivitenganisha. Mwaka 1991 yeye na Thomas Wadden walichapisha utafiti wa wanawake 25 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, wakafuatiliwa mwaka mzima. Waliotarajia kufanikiwa walipungua zaidi. Lakini waliokuwa wanaota mchana, wanajiona tayari wamepungua na kila mtu anawasifu, walipungua kidogo kuliko wale ambao picha zao kichwani zilikuwa na mashaka na vishawishi.

Baadaye, mwaka 2011, yeye na Heather Kappes wakaonyesha kwamba ndoto tamu za namna hiyo hushusha nguvu ya mwili yenyewe. Walipima hadi shinikizo la damu, likashuka. Mwili unapumzika kana kwamba kazi imekwisha.

Hapo naona jibu la yule rafiki wa kinanda. Wiki ile ya manunuzi alishapiga muziki wote kichwani mwake, akashangiliwa, akainama kuwashukuru watu. Kilichobaki kilikuwa vidole kuuma.

#10 Tafakuri_Huru
Mchana_Kweupe, umenigusa pale. Kwa hiyo tusiote kabisa?

#11 Mchana_Kweupe
Ota, lakini usiishie hapo. Njia ya Oettingen ni hii: taja unachotaka, ona kwa undani matokeo mazuri kabisa ya kukipata, halafu papo hapo jiulize ni nini ndani yangu kitanizuia. Si serikali, si jirani. Ndani yangu: uvivu wa jioni, aibu, hasira. Mwisho unaweka mpango: kikitokea kizuizi fulani, nitafanya hivi. Huo mpango wa "ikiwa hivi, basi vile" ni kazi ya mume wake, Peter Gollwitzer. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94, na faida yake ilikuwa kubwa ya kuonekana.

Mpangilio una maana. Ukianza na kizuizi kabla ya ndoto, kile kizuizi hakiunganiki na chochote, unabaki kulalamika tu.

#12 Mwanamaji_Mpya
Naleta kisa changu, maana mnaongea vitabu tu. Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima kabisa. Hamu nilikuwa nayo tangu utotoni. Tatizo halikuwa ndoto wala mpango, tatizo lilikuwa hofu. Nashika ukingo wa bwawa kwa vidole vyote kumi mpaka kucha zinakuwa nyeupe, mwalimu ananiambia achia mkono mmoja, na mkono unakataa. Nauamuru, unakataa.

Mwalimu hakuniambia nitulie. Alisema, "Moyo unadunda? Vizuri, mwili uko tayari. Sasa weka uso majini upulize viputo." Nikapuliza. Pua ikajaa maji, nikakohoa, nikarudia. Kazi ikawa kupuliza viputo, si kuogelea. Hofu ilikuwepo wiki zote za mwanzo, haikuondoka hata siku moja, ila iliacha kunishika mkono.

Sasa mtu aniambie nipange kwa kichwa baridi. Mimi kichwa kilikuwa baridi kabisa nyumbani. Kinachogoma ni mwili ukifika majini.

#13 Bi_Nuru
Hongera sana, ndugu yangu. Na huyo mwalimu alikuwa anajua kazi yake. Alison Wood Brooks wa Harvard mwaka 2014 aliwaweka watu kwenye mambo ya kutia kiwewe: kuimba mbele ya mtu, kuhutubia, kufanya hesabu kwa kupimwa muda. Waliojiambia "nina msisimko" walifanya vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia". Hofu na msisimko vyote vinadundisha moyo, kwa hiyo kutoka kimoja kwenda kingine ni hatua fupi. Kutoka hofu hadi utulivu ni safari ndefu.

#14 Fundi_Saa
Nyote mnapita pembeni ya jambo lenyewe, ambalo ni dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni. Wolfram Schultz alirekodi seli za ubongo za tumbili. Mwanzoni tumbili akipewa juisi ghafla, seli za dopamini zinafyatuka. Akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inakuja, seli zinafyatuka kwenye taa, na juisi ikija hazisemi kitu. Taa ikiwaka na juisi isije, zinashuka chini ya kawaida. Yeye na wenzake Peter Dayan na Read Montague waliliweka sawa mwaka 1997: dopamini hupima tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata.

Sasa rudi kwa mleta mada. Siku ya kuamua ndiyo siku ya taa. Kila kitu ni kipya, ahadi ni kubwa, ubongo unafyatuka. Siku zinazofuata zinaleta vidole kuuma badala ya muziki, yaani chini ya matarajio, na moto unazimika. Yaliyoanza kimya hayakuahidi kitu, kwa hiyo kila hatua ndogo ilikuwa nyongeza. Hesabu tu, wala si tabia mbaya ya mtu.

#15 Mkutubi
Fundi, maelezo mazuri, ila usiache watu waondoke na wazo kwamba dopamini ni raha. Kent Berridge aliwaondolea panya karibu dopamini yote. Wakaacha kula, wangekufa njaa chakula kikiwa puani. Lakini ukiwatilia utamu mdomoni, uso unaonyesha raha ileile. Waliendelea kupenda, hawakuendelea kutaka. Kutaka na kupenda ni mitambo miwili. Ndiyo maana mtu anaweza kukitaka kitu kwa nguvu zote, akakipata, akakuta hakipendi.

#16 Mama_Wawili
Hapo kwenye kutaka usichokipenda ndipo ninapoingia mimi. Nilisomea taaluma ambayo wazazi walinichagulia. Sikuburuzwa, niliitaka kwelikweli, nililia nilipokosa nafasi mara ya kwanza. Siku ya kuhitimu nimevaa joho, mama analia kwa furaha, mimi najikagua ndani sikuti kitu. Nikadhani nimechoka. Baadaye nikagundua kwamba kile nilichokitaka miaka yote ni uso wa mama yangu siku ile. Nilikipata, kikaisha saa ileile, na mimi bado nina miaka thelathini ya kuifanya ile kazi.

Kipanga, wewe unasema lengo mahususi na gumu. Langu lilikuwa mahususi na gumu. Swali lililokosekana ni la nani.

#17 Kipanga
Nimekuelewa, mama.

#18 Mchana_Kweupe
Mama_Wawili, ulichosema kimefanyiwa kazi. Kennon Sheldon na Andrew Elliot mwaka 1999 walionyesha kwamba malengo yanayotoka kwenye mapenzi au imani ya mtu mwenyewe hupata juhudi ya kudumu, hivyo hutimia zaidi, na yakitimia yanamwongezea mtu furaha. Yanayosukumwa na hatia au macho ya watu yanaweza kutimia, lakini hayamwachii mtu mengi.

Ila nina swali ambalo huo utafiti haunijibu. Kumpenda mama yako si hisia yako mwenyewe? Kwa nini tuiite ya nje?

#19 Mama_Wawili
Nimelala na swali hilo. Kumpenda ni kwangu. Hofu ya kumwangusha ndiyo ilikuwa inaamka na mimi alfajiri kusoma. Kwa nje vilifanana kabisa.

#20 Kinyonga_Mweupe
Mbona hakuna anayeitaja hasira? Mimi kila nilichofanikisha kimetokana na mtu kuniambia siwezi. Nikitulia sifanyi kitu.

#21 Bi_Nuru
Hasira hasara, wahenga walisema.

#22 Mkutubi
Wahenga na Heather Lench wa Texas wakae meza moja, maana wote wana lao. Utafiti wake na wenzake uliotoka mwaka 2023 ulikuta kwamba watu waliotiwa hasira walifanya vizuri zaidi kwenye mafumbo magumu ya maneno kuliko waliokuwa hawana hisia yoyote maalumu. Kwenye kazi rahisi haikuwasaidia vivyo hivyo. Na katika jaribio mojawapo wenye hasira walidanganya zaidi ili wapate matokeo. Kwa hiyo Kinyonga, inasukuma kweli, ila haichagui njia.

#23 Kinyonga_Mweupe
Nakubali ya njia. Kuna mtu nilimthibitishia kwamba naweza, na nilipogeuka kumwonyesha nikakuta hata hakumbuki aliniambia nini.

#24 Zumaridi
Mimi kilichonionyesha ninachotaka ni wivu, na sioni haya kusema. Nina marafiki wengi waliofanikiwa kwa kila namna, nawafurahia kwa dhati. Lakini kuna mmoja, kila akitaja kwamba jana usiku alikaa akasoma kitabu mpaka akasinzia nacho kifuani, kuna kitu kinanichoma. Gari lake halinichomi, cheo hakinichomi. Kitabu kifuani kinanichoma. Nikajua basi, ninachokosa ni jioni zangu. Nikaanza kukataa kazi za usiku. Mapato yakapungua, na sijutii.

Kwa hiyo mleta mada, usiseme hisia ni mshauri mbaya. Inategemea unamsikiliza mshauri gani, na unamuuliza nini.

#25 Mpitanjia
Zumaridi ameua. Mimi bado niko kambini.

#26 Fundi_Saa
Lakini tahadhari: tunabashiri vibaya sana tutakavyojisikia. Daniel Gilbert na Timothy Wilson wamelionyesha mara nyingi. Watu hudhani tukio litawafurahisha au kuwaumiza kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko inavyokuwa. Hata washindi wa bahati nasibu waliochunguzwa na Philip Brickman na wenzake mwaka 1978 hawakuwa na furaha kuliko majirani zao. Ukitumia hisia kuchagua matamanio, unatumia kipimo kibovu.

#27 Mkutubi
Washindi hao walikuwa 22 tu, na hawakupimwa kabla ya kushinda. Utafiti mkubwa zaidi wa Sweden, wa Erik Lindqvist, Robert Östling na David Cesarini, uliotoka mwaka 2020, ulikuta washindi wa fedha nyingi wanaridhika zaidi na maisha yao kwa zaidi ya miaka kumi. Furaha ya siku kwa siku ndiyo haikubadilika sana. Kuridhika na kufurahi tena ni viwili.

#28 Kipanga
Kila kitu humu ni viwili. Kutaka na kupenda, kuota na kutarajia, kuridhika na kufurahi. Mkutubi, na wewe tukukague, huenda mko wawili.

#29 Mwanamaji_Mpya
😂😂

#30 Chemchemi
Nawasalimu. Naomba kuongeza la kutangaza matamanio. Wengi tukipata wazo tunawaambia watu wote siku hiyohiyo. Gollwitzer huyohuyo mliyemtaja, mwaka 2009, alikuta kwamba wanafunzi ambao nia yao ilitambuliwa na mtu mwingine walitumia muda mfupi kuifanyia kazi kuliko ambao nia yao ilibaki kwao. Ukishaitwa mwandishi na watu wawili, sehemu ya njaa ya kuwa mwandishi imeshiba. Tangu nijue hilo nimekuwa mkimya sana.

#31 Kinyonga_Mweupe
Kwangu kinyume. Nisipotangaza siamki. Aibu ya kuulizwa "umefikia wapi" ndiyo inanitoa kitandani.

#32 Chemchemi
Huenda tofauti ni kwamba wewe unatangaza kazi, "nitakimbia kesho alfajiri," na mimi nilikuwa natangaza cheo, "mimi ni mkimbiaji." Kazi inaweza kukaguliwa. Cheo unavikwa papo hapo.

#33 Tafakuri_Huru
Nimesoma yote, asanteni. Sijahama kabisa kwenye dai langu, ila nalipunguza. Wa kutilia shaka ni ile hisia inayokuja na fungu lake la matendo ya haraka: nunua, tangaza, bandika ukutani. Hiyo inamaliza hamu kwenye vitu vinavyoizunguka kazi, na kazi yenyewe haijaguswa. Ile ya Zumaridi ya kuchomwa na kitu kilekile kila mara, hiyo siiwezi kuipinga. Kinachonishinda bado: unaijuaje ikiwa bado changa? Zote mwanzoni zinachoma.

#34 Bi_Nuru
Ipe muda. Ikirudi ukiwa umeshiba, ukiwa umechoka, ukiwa na furaha na ukiwa na huzuni, hiyo ni yako. Daniel Read na Barbara van Leeuwen mwaka 1998 waliwauliza watu kazini wachague kitafunwa cha wiki ijayo. Wenye njaa walichagua visivyofaa kiafya zaidi kuliko walioshiba. Wanachagua kwa ajili ya mtu wa wiki ijayo kwa tumbo la leo. Matamanio ya maisha nayo tunayachagua hivyo, tukiwa na njaa ya siku moja.

#35 Zumaridi
Naunga mkono, ila muda nao unaua. Mengine ukiyasubirisha yapite hali zote nne, yanapoa kwa kuwa ulikuwa na hofu tu, ukaiita subira. Thomas Gilovich na Victoria Medvec walionyesha miaka ya tisini kwamba kwa muda mfupi watu hujuta walichofanya, lakini wakitazama nyuma maisha yao hujuta zaidi ambacho hawakufanya.

#36 Nahodha_Mzee
Wanangu, nimekuwa nasoma tu. Mmeongea ya kuweka na ya kutimiza, hakuna aliyegusa la kuacha. Katika umri wangu hilo ndilo swali. Kuna tamanio nimelibeba miaka mingi na mwili hauliwezi tena. Carsten Wrosch na wenzake mwaka 2003 waliandika kwamba wanaoweza kuachana na lengo lisilowezekana, na wakaelekeza nguvu kwenye jingine, huwa na hali nzuri ya moyo kuliko wanaong'ang'ania. Nimejaribu. Kuliacha nimeliacha. Jingine la kushika ndilo sijalipata, na kila ninaloonyeshwa halinichomi. Nimewasoma mkigombana kama hisia itangulie au ifuate, na mimi nauliza: isipokuja kabisa, mtu huanzia wapi?

#37 Mwanamaji_Mpya
Mzee wangu, shikamoo. Anzia kwenye viputo. Sikuwa na hamu ya viputo hata kidogo.

#38 Mama_Wawili
Shikamoo baba. Mimi sikubaliani na Mwanamaji kwa hili. Ukianza na lolote tu utajikuta unafanya la mtu mwingine, kama mimi. Kaa kwanza na hilo uliloliacha, ulilie lipasavyo. Huenda moyo haujapata nafasi.

#39 Nahodha_Mzee
Marahaba wanangu. Nawasikia wote wawili. Mwanamaji, hivyo viputo ulivipuliza kwa muda gani kabla hujataka mwenyewe kuingia majini?

#40 Mwanamaji_Mpya
Sikumbuki siku yenyewe, mzee. Nakumbuka tu kuna jioni bwawa lilifungwa kwa matengenezo, nikakasirika.